Siku Niliyomwita Faki Mwizi Kundini

Siku hii siipendi kuisimulia, ila wengine wanaisimulia vibaya zaidi, basi bora muipate kwangu mwenyewe niliyeaibika, hapa hapa Micheweni, mbele ya wanawake wenzangu wa mwani na sheha wetu na karibu nusu ya jamaa zangu.

Wakati ule tulikuwa tukiibiwa mwani. Unauanika chanjani, ukirudi unakuta nusu, na kazi yote ile ya kusimama majini mgongo ukiuma imekwenda. Wakaja askari wakatufundisha skulini namna ya kujilinda kwa simu, likaundwa kundi la ulinzi la shehia humo humo simuni, na mimi nikafanywa katibu (simu yangu ndiyo iliyokuwa na chaji siku hiyo, wala si kwa ujuzi). Tukaambiwa ukiona jambo tuma, lakini hakikisha kwanza. La kutuma nililisikia vizuri. La kuhakikisha nilikuwa nasinzia.

Asubuhi moja natoka majini, miguu hainibebi, nikamuona mwanamme nisiyemjua kwenye chanja ya jirani yangu Bi Raya, kanipa mgongo, anasokomeza mwani kwenye polo mbio mbio. Hatua thelathini tu nimfikie, lakini nikawaza, niteremke tena, kisha nipande tena? Nikapiga picha, nikaituma kundini, nikatia na sauti yangu: "Mwizi wa mwani huyu hapa kwa Bi Raya, msimwachie kupita." Kisha nikajikokota nyumbani, najiona nimefanya la maana.

Binti yangu Hidaya alinipokea mlangoni na simu yake mkononi.

"Mama, huyu si Maalim Faki? Kaka yake Bi Raya, kaja jana kutoka Kengeja. Bi Raya ana homa, kamwomba amkusanyie mwani kabla ya mvua."

Nikakaa kizingitini. Nikaifungua simu, vidole vimejaa chumvi, nikaigusa ile picha, yakatokea maneno ya kufuta mafungu mawili, nikabonyeza lililokuwa karibu na kidole. Picha ikatoweka. Na sauti nikaifuta vile vile. Nikasema alhamdulillahi, nikaenda kumenya muhogo.

Kumbe nimezifuta kwangu tu. Kwa wenzangu ziko vile vile na zinasambazwa, na wanaume wanne wakamzuia Maalim njiani akiupeleka mwani kwa dada yake, wakalimwaga polo chini, wakampeleka kwa sheha wamemshika kanzu, na mvua ikanyesha.

Nilipoitwa, ua wa sheha umejaa watu. Na mimi (hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo) badala ya kukiri, nikainua simu nikasema, "Mie sina picha yoyote humu, tazameni wenyewe."

Sheha wetu, Mzee Kombo, hakupandisha sauti. Aliiweka simu yake mezani, akabonyeza, ikatoka sauti yangu ikimwita mtu mwizi.

"Nimeshafuta," nikasema.

"Umejifutia weye, Bi Time. Sisi bado tunayo."

Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana Maalim alikuwa amekaa pale pale, kanzu imechanika begani, maji yanamchuruzika.

"Mimi nafundisha watoto, Bi Time," akasema taratibu. "Picha hii itafika Kengeja kabla yangu."

Nikamwomba radhi mbele ya wote, nikarikodi na radhi nyingine kundini, sheha kanisimamia. Ile ya mwanzo waliisambaza wengi. Ya radhi waliisambaza wachache. Mwani uliorowa nikamlipa Bi Raya kwa wangu. Akaupokea, akasema ahsante, akaingia ndani.

Kundi lenyewe lina faida, sikatai. Wezi wa kweli walikamatwa baadaye kwa sababu mwenzetu mmoja alituma namba ya gari lililopakia mwani baada ya kuuliza kwanza mzigo ni wa nani. Mimi ukatibu niliomba nivuliwe, wakakataa, wakasema angalau sasa nimefundishika. Haya. Kufuta kwa wote sasa nakujua, lakini nimeona kwamba kuna jambo likishatoka halifutiki kwa kidole. Nimeapa picha ya mtu sitaituma tena kabla sijasimama mbele yake, nikamtolea salamu, akanijibu, miguu iume itakavyouma.