Shujaa Aliyekimbia Bila Sufuria

Mwezi uliopita nilinunua riwaya mbili kuukuu kwa muuza vitabu wa pembeni mwa barabara pale Tabora, nikazisoma njia nzima hadi Mpanda. Moja ilikuwa ya mauaji, nyingine ya mji wa siku zijazo ambako serikali inawapangia watu saa ya kucheka na saa ya kulia. Ile ya pili ilikuwa na doa la mawese kwenye ukurasa wa kwanza, nikainusa, ikanukia kwetu. Abiria wa jirani akanitazama kama anayetazama mgonjwa. Kisha, nilipofika sura ya mateso, iliyoandikwa kutisha kuliko zote, nikacheka kwa sauti, naye akahamishia kikapu chake upande wa pili. Simlaumu. Ninyi nitawaeleza kwa nini nilicheka.

Nilikulia Katonga, kando ya ziwa, ambako dagaa huanikwa mchangani na watoto hukaa hapo na kokoto kufukuza kunguru. Kazi hiyo inachosha akili, kwa hiyo mimi, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye sauti kubwa, nilianza kuwasomea wenzangu riwaya. Mjomba alikuwa ameacha nyumbani boksi zima la majasusi, wauaji na miji ya giza, vitabu vingi havina hata jalada. Uhodari wangu ulipimwa kwa hasara. Nikisoma vibaya, watoto waliangalia kunguru. Nikisoma vizuri, waliachama midomo na kunguru wakajilia. Siku jasusi mmoja alipotupwa mtoni ndani ya gunia, tulipoteza karibu nusu ya dagaa wa Mama. Nilichapwa, lakini kwa wenzangu nilipata heshima ya mganga.

Ndipo akaja Jenerose. Miaka hiyo boti zilikuwa zikileta watu kutoka Burundi, magodoro kichwani. Yeye alitoka Rumonge na wadogo zake wawili, bila mama. Watu wazima walipoligusa hilo walituambia twende tukacheze. Alikaa wiki kadhaa kwenye mahema ya mapokezi, mpaka shangazi yake, Mama Zawadi, jirani yetu, akaomba wakae kwake wakati wakisubiri gari la kuwapeleka kambini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, na kicheko chepesi.

Nilimkaribisha kwa kitabu cha mji wa giza. Nikasoma jinsi watu walivyopanga foleni ya mkate, kimya, askari wakipita, hakuna anayethubutu kukohoa.

"Buretse, ngoja kwanza," Jenerose alisema. "Foleni ya chakula, halafu kimya?"

"Wanaogopa askari."

"Hata sisi tuliogopa. Lakini ukinyamaza kwenye foleni ya uji, mwenye kelele anakupita. Huyu aliyeandika alikuwa ameshiba."

Watoto wakacheka. Akaendelea kutueleza kwamba kule kwenye mahema wenye watoto wachanga waliruhusiwa kutangulia, kwa hiyo kulikuwa na kichanga mmoja mnene aliyeazimwa tangu asubuhi. "Alipanga foleni mara nne kwa siku! Mama yake akimtaka amnyonyeshe, anaambiwa subiri, yuko kazini."

Kunguru walitimka kwa vicheko. Siku ile hatukupoteza dagaa hata mmoja. Mama alinisifu, na sijawahi kusikia sifa chungu kama ile.

Kesho yake nikasoma jinsi shujaa alivyotoroka mjini, bastola kiunoni na picha ya mchumba mfukoni.

"Na sufuria?" aliuliza Jenerose.

"Sufuria gani?"

"Kakimbia bila sufuria? Yoo! Basi huyo mchumba ashukuru wameachana."

Hata Bibi, aliyekuwa akichambua dagaa pembeni, akasogea. "Msomee mwenzio vizuri, wewe. Usimfiche sufuria. Angalia labda imo kwenye ukurasa uliochanika."

Tangu hapo sikuwa tena msomaji. Nilikuwa mtu wa kumletea Jenerose mashujaa awacheke. Nikaapa kwamba kabla gari la kambini halijafika, nitamtisha mpaka anyamaze, hata mara moja tu.

Nikachagua chumba cha mateso. Nilikisoma kwa sauti nzito, taratibu, hadi koo likauma.

"Chumba chote hicho chake peke yake?" aliuliza. "Sisi tulikuwa kumi na mmoja kwenye hema."

Nilitaka kulia. Upepo wa ziwa ukapeperusha kurasa, zikafunguka penye sura niliyokuwa nikiiruka siku zote kwa sababu haina tukio. Nikaisoma kivivu, macho yakitafuta risasi mbele. Shujaa anarudi kwao mchana. Shati lake bado liko kwenye kamba, limekauka. Jikoni kuna harufu ya maharage. Mama yake, bila kugeuza kichwa, anamwambia: umechelewa, nawa mikono.

Tulimgeukia Jenerose tusikie atasema nini.

"Soma tena hapo," alisema.

Nikasoma tena. Akainuka, akasema anakwenda kunawa miguu, akatembea kando ya maji mpaka akazipita boti zote. Kunguru wakashuka kama walioalikwa. Hakuna aliyerusha kokoto.

Jioni nilimkimbilia Bibi. "Bibi, leo nimemtisha Jenerose!"

"Kwa kitu gani hasa?"

"Kwa mama na maharage."

Bibi aliuweka ungo chini. "Hilo usilitangaze," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Kesho yake Jenerose alikuja na kokoto kwenye pindo la sketi, akakaa mahali pake. "Leo soma penye risasi," aliniambia. "Penye nyumba paruke."

Nikaparuka. Siku zote zilizobaki niliruka harusi, niliruka mlo wa Pasaka, niliruka mtu aliyepokea barua. Kitabu kikabaki foleni na bunduki tu, naye akacheka hadi kulala mchangani, mpaka asubuhi gari lilipokuja. Nilijiona mkarimu: nimeujua udhaifu wake na simdhihaki.

Nimehama miji mingi tangu wakati ule, na chumba ninacholala sasa ni cha kupanga kama vilivyotangulia. Mateso ya riwayani nayasoma huku natafuna karanga, na njiani kwenda Mpanda nilicheka kwa sababu nilimsikia Jenerose akihesabu watu wa hema. Lakini mwandishi akimrudisha mtu kwao, akamkuta mama hajageuza hata kichwa, naweka kitabu chini kwanza. Jenerose alikuwa amenionyesha ukurasa wa kutisha ulipo. Mimi nilikuwa nikiuruka siku zote kwa sababu ulinichosha.