Nusu Saa Kando ya Mama Mkwe

Kutoka Musoma hadi Mwanza kwa ndege ni kama nusu saa. Wanaosema hivyo hawajawahi kuketishwa kando ya mama mkwe.

Miaka ile dizeli ilitafutwa kwa tochi. Basi likitoka Musoma asubuhi, kesho yake unalikuta Bunda limeegeshwa, abiria wanachemsha chai pembeni. Mke wangu alikuwa amelazwa Mwanza, mimba imemsumbua, na ikaja habari kwamba atapasuliwa jioni ile. Naye amegoma: haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwona mama yake. Ukaidi huo hakuutoa kwangu.

Nilihangaika mpaka nikapata nafasi mbili kwenye kindege. Mama mkwe akaletwa kutoka Butiama na lori la pamba, kabeba kikapu cha unga wa ulezi wa uji wa mzazi.

Sasa, kwetu mtu hakaagi na mama mkwe wake, wala hamtazami usoni. Akija njiani, wewe unaingia kichakani. Tangu nioe nilikuwa nimeona kisogo chake tu. Na humo ndani vilibaki viti viwili, vimegusana. Nikamwomba rubani nikae kwake mbele, akacheka. Nikamwambia basi nitasimama. Akaacha kucheka.

Mama akakaa dirishani, akajifunika khanga kichwa kizima, kikapu akakiweka katikati yetu kuwa ukuta. Mimi nikageukia upande wa pili, alikokaa mzee mmoja wa kofia, mfanyabiashara wa Iringo, mtaa wa palepale Musoma, anafuata vitenge Mwanza maana biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa. Huyo ndiye akawa mjumbe wetu.

"Mwambie huyo baba asikohoekohoe," mama akasema.

"Baba, usikohoekohoe," mzee akanifikishia, utadhani mimi niko mbali kule kijijini Mugango.

"Mwambie mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Nimesikia kwamba amesikia."

Tulipofika juu ya ziwa ndege ikadondoka kidogo, halafu ikadondoka tena. Kikapu kikapinduka, ulezi ukatumwagikia wote wawili. Mama akanikamata mkono kwa vidole vyote. Nikafumba macho ili nisiwe shahidi.

"Mwambie," akasema, "tukianguka wasituzike karibu karibu."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamtoka, ujumbe hakuufikisha. Mimi nilikuwa na hofu kweli, na wala si ya ndege. Mtoto akiharibika, wazee watasema ni kwa sababu tumegusana.

Tulimkuta mke wangu juu ya kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Akatutazama, mimi na mama yake, tumepakaa unga kuanzia kichwani.

"Mmekaa pamoja?"

"Safari yenyewe fupi," mama akamjibu. "Hata kusalimiana hatukuwahi."

Mke wangu akacheka mpaka machozi yakamtoka, wakamsukuma ndani bado anacheka. Mlango ukafungwa. Mama akautazama muda mrefu, kisha akaketi kwenye benchi. Mimi nikaanza kutafuta dirisha la kwenda kusimama, mbali naye, kama inavyotakiwa.

"Baba," akaniita, mimi mwenyewe, bila mjumbe. Akapapasa benchi kando yake. "Njoo ukae hapa. Peke yangu siwezi."

Nikakaa. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka tukasikia mtoto analia.