Ugali Mweupe kwa Wageni wa Tororo

Leo mgeni ameangalia ugali wangu akauliza kama tumefiwa.

Mimi na mume wangu Wafula tuko Tororo, Uganda, wiki ya tatu sasa, tumefuata kazi yake. Leo baada ya kanisa nikaalika majirani, Mama Athieno na mzee wake. Kuku, mboga, na ugali mweupe umesimama kama mlima. Kwetu Kenya hapo ningepigiwa makofi!

Wakanawa mikono. Wakautazama ugali.

Mzee akaniuliza kwa upole, "Mama, hapa muko na matanga?"

Kumbe huku ugali wa mahindi, wanaouita posho, ni chakula cha shule na cha matanga. Mgeni wa heshima anasongewa wa unga wa wimbi (ulezi) na muhogo. (Chekeni tu, nawasubiri.)

Wafula akakohoa, macho kwenye kuku. Mimi nikatamani kuvuka mpaka kwa miguu.

Lakini jamani, nirudi nyumbani kwa sababu ya sufuria?

"Mama Athieno, nifundishe. Sasa hivi."

Akaenda kwake, akarudi na unga, akajifunga leso. "Songa wewe. Mimi naangalia tu."

Ugali wa wimbi unanata! Mikono inaniwaka mpaka saa hii. Na madonge? Ya kutosha timu nzima ya mpira. Anayejua dawa yake aniandikie hapa chini, maana Jumapili nasonga tena.

Mzee akamega, akatafuna pole pole, akaniangalia.

"Sasa mumefika."

Wiki tatu tunaishi hapa. Tumefika leo, saa tisa mchana.