Sentensi Niliyoshindwa Kuiandika

Siku niliyoambiwa nisome tena sentensi yangu mwenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu, hata benchi nililokalia nalikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikaa Changamwe, upande ule wa karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege hupita juu ya mabati ya watu zikiwa zimeshateremsha magurudumu. Mchana nilikuwa karani wa ghala. Lakini nilikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyeniajiri: mtu akifa mtaani, waliniita nimwandikie historia ya marehemu.

Umezisikia zikisomwa mazikoni. Kabla jeneza halijateremshwa, mtu husimama na karatasi yake akasema marehemu alizaliwa wapi, alikuwa mtoto wa ngapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha nani, na alifariki vipi. Nilikuwa na utaratibu wangu. Niliuliza maswali kwa mpangilio, na majina niliyahakikisha mara mbili, kwa sababu ukimsahau mke mdogo katika karatasi ile, ugomvi huanzia pale pale kaburini. Na sehemu ya kifo nilijua kuilainisha. Mzee mmoja alikunywa pombe ya mnazi mpaka ini likamshinda, mimi nikamwandikia kwamba "alisumbuliwa kwa muda na maradhi ya tumbo." Mjane wake alinishika mikono yote miwili kunishukuru. Niliona kuwa huo ni wema, na kwa mjane yule pengine ulikuwa wema.

Wakati huo kulikuwa na vita katika nchi ya jirani. Sitaitaja, maana nikiitaja utaanza kuchagua upande kabla sijamaliza kusema. Asubuhi moja tulikuwa kibandani kwa Kazungu tukinywa chai na mahamri, redio ikasema ndege za jeshi zimepiga soko la mji fulani, na watu wengi wamekufa. Serikali ya huko ilisema kuwa waasi walikuwa wamejificha sokoni.

"Haya jaji, toa hukumu," Kazungu aliniambia, huku akigeuza mahamri kwenye karai. Alizoea kuniita jaji kwa sababu nilipenda kubishana kwa hoja.

Nami nikatoa. Nilisema, kwanza, waasi walikuwa mle. Anayejificha kati ya watu ndiye aliyewaua watu hao. Pili, raia walionywa waondoke, karatasi zilirushwa kutoka angani siku mbili kabla. Tatu, vita vikimalizwa haraka, hata kwa ukali, watapona wengi kuliko waliokufa sokoni. Niliyasema kwa vidole, kimoja baada ya kingine. "Inauma," nikamaliza, "lakini ni halali."

"Charo wee!" Kazungu akaniambia. "Na ungekuwa wewe sokoni siku hiyo?"

"Mie? Mie ningeshaondoka zamani."

"Kwa miguu hiyo ya bata?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kazungu kisha akakohoa kwa namna ya ajabu, akiangalia nyuma yangu. Nikadhani ni moshi wa kuni, sikugeuka.

Ilipita kama wiki. Jioni moja, jua bado lipo, nikasikia hodi. Alikuwa Mama Neema, msusi aliyehamia mtaani kwetu na wanawe wawili kutoka nchi ile ile ya vita. Tulisali kanisa moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti nilichomsogezea. Mimi nilikaa kwenye benchi mlangoni.

"Dada yangu amefariki," alisema. "Esta. Tutakaa matanga Jumamosi, bila mwili. Nataka aandikiwe historia kama watu wote wanavyoandikiwa."

Nikampa pole, nikachukua daftari. Nikamuuliza kwa utaratibu wangu. Esta alikuwa mtoto wa kwanza, Mama Neema wa mwisho. Mama yao alipokufa, Esta aliacha darasa la pili ili amlee mdogo wake. Aliuza unga wa muhogo. Aliimba kwaya sauti ya pili, na alikuwa na tabia ya kuchelewa kumaliza wimbo, wenzake wakishanyamaza yeye bado, mpaka mwalimu wa kwaya akachoka kumkemea. Tulipofika hapo Mama Neema alitabasamu kidogo.

"Masomo yake, basi, niandike aliishia darasa la pili?"

"Andika hakujua kusoma. Ni kweli, wala si aibu. Zile karatasi zilipoanguka uani kwake alizikusanya, akafungia unga wa wateja."

Kalamu yangu ilisimama. Nilizijua karatasi hizo. Ndizo nilizozihesabu kwa kidole cha pili kule kwa Kazungu.

"Hakuna jirani aliyemsomea?" niliuliza, na hata sasa naona haya kwa swali lile, maana nilikuwa bado naitafutia hoja yangu pa kusimama.

"Alisomewa. Akasema, niende wapi? Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba miaka mingi. Kutoka nyumbani mpaka sokoni alipumzika mara mbili."

Nikaandika. Nikauliza kama alikuwa na mtu siku ile.

"Alikuwa na mjukuu wake mgongoni. Naye mwandikie ya kwake."

"Alizaliwa lini?"

"Alikuwa hajaota jino."

Historia ya mtoto yule, mwanangu, iliingia katika mistari miwili. Nilijaribu kutafuta wa tatu sikuupata. Nimeandika historia za watu walioishi miaka tisini, na hakuna iliyonichukua muda mrefu kama ile mistari miwili.

Kisha nikafika sehemu ya kifo. Nikafanya kama nilivyozoea, nikatafuta maneno ya kumpunguzia mfiwa uchungu. Nikaandika, nikamsomea: "Marehemu alifariki kwa bahati mbaya wakati wa mashambulizi yaliyowalenga waasi."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Bahati mbaya ya nani? Ndege haikuanguka. Kuna mtu aliamka, akanywa chai, akaonyeshwa kwenye ramani kwamba hapa ni soko. Akaenda, akapiga, akarudi nyumbani. Bahati mbaya iko wapi hapo?"

Nikamwambia ni namna tu ya kuandika, naweza kubadilisha.

"Badilisha. Nilikuwa nyuma yako siku ile kwa Kazungu, Charo. Nilikwenda kununua mahamri ya watoto. Sikuwa nimepata habari ya Esta bado, lakini soko lile nalijua, nimekulia hapo. Nilikusikia. Ulisema ni halali. Basi andika hivyo. Andika: Esta aliuawa, na ilikuwa halali auawe. Na mtoto naye, andika ilikuwa halali. Halafu Jumamosi usimame uisome mbele ya wanangu."

Hakupaza sauti. Ndege ilipita juu yetu ikienda kutua, na yeye, aliyekaa mtaa ule miaka minne, alikunja mabega na kusubiri ipite. Sikuwahi kuliona hilo kabla, na mimi ndiye niliyejisifu kwamba naona kila kitu.

Nilishika kalamu. Nakwambia ukweli, nilijaribu. Niliandika "Esta aliuawa, na," nikashindwa kusonga mbele. Mkono ulikuwa mzima, maneno nilikuwa nayo, hoja zote tatu nilikuwa bado nazikumbuka. Lakini jina la mtu lilikuwa limetangulia, na nyuma ya jina lile neno halali lilikataa kukaa.

"Siwezi," nikasema.

"Kwa nini? Kwa Kazungu uliweza."

"Mama, sikujua kwamba ni dada yako."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwani ulidhani ni dada ya nani?"

 Swali hilo ninalo mpaka leo.  Sikuwa mtu mkatili, mwanangu. Nilikuwa mtu wa kanisa, na nilizoea kwenda kuwaona wagonjwa. Ndicho kinachonitisha nikikumbuka: kwamba mtu wa kawaida, na kikombe chake cha chai mkononi, anaweza kupitisha mauaji ya sokoni kisha akaomba aongezwe mahamri.

Jumamosi tulikusanyika uani kwake. Kwa kuwa jeneza halikuwepo, waliweka picha ya Esta juu ya kiti, wakatandika leso chini yake. Nilisimama, nikasoma. Nilipofika kwenye kifo nilisoma hivi: "Aliuawa sokoni pamoja na mjukuu wake, na bomu lililotupwa na watu waliojua kwamba pale ni soko."  Katika historia zote nilizowahi kusoma, ile ndiyo ya kwanza niliyotaja kwamba kuna aliyefanya.

Sikudhani kuna kitakachonishtua tena siku ile. Lakini nilipoketi, alisimama mwanamume mmoja wa kwao, fundi wa magari, shemeji yake Mama Neema, akaanza kusema kwa hasira. Akasema upande wao, uliopigwa soko, nao una silaha. "Kwani hao waliotupiga hawana masoko? Masoko yao ndiyo yanayowalisha askari wao. Na wanajua tunakuja, tumeshawaambia. Tukiwapiga sawasawa mara moja tu, vita vitaisha." Wengine wakapiga makofi.

 Zilikuwa hoja zangu. Zile zile tatu, hata mpangilio ulikaribiana, ila sasa zilitoka upande wa waliouawa.

Mama Neema aliinuka pale kwenye mkeka. "Shemeji, keti. Kule unakotaka kupiga, yuko mwanamke wa mguu mbovu anauza unga. Ukimuua, usiseme umemuua kwa ajili ya Esta. Jina la dada yangu usilitie humo."

Fundi hakuketi. Alitoka kwa hasira na wenzake wawili wakamfuata, na sikuwahi kujua aliishia wapi. Vita navyo havikuisha haraka kama mimi na yeye tulivyobashiri. Ila hata kama vingeisha kesho yake asubuhi, ile sentensi bado nisingeweza kuiandika.

Nimekueleza haya kwa sababu juzi nilikuona na simu, wewe na mwenzako, mkitazama jengo la watu likiporomoka katika vita vya siku hizi, nawe ukasema, "Wamekoma."  Ulisema kwa sauti yangu ya ujana.

Basi nisikilize. Sikukatazi kuwa na upande. Aliyevamiwa ana haki ya kujikinga, na wako wanaopigana kwa jambo la haki. Nami najua wapiganaji hujificha kati ya watu. Anayejificha nyuma ya mama na mtoto ametenda uovu mkubwa. Lakini anayempiga mama na mtoto ili amfikie huyo aliyejificha ametenda uovu wake pia, na wa mwenzake haumsafishi. Utaambiwa walionywa, utaambiwa wengine watapona, utaambiwa wenzao ndio walioanza. Ukiambiwa hivyo, tafuta jina la mmoja aliyekufa. Uliza alikuwa mtoto wa ngapi, aliimba nini, alitembea vipi. Kisha jaribu kuandika baada ya jina lake kwamba ilikuwa halali. Ukishindwa, usiiseme kibandani wala kwenye simu. Na ukiona umeweza, mwanangu, njoo kwangu upesi, saa yoyote, maana hapo umeshakuwa mgonjwa.

Namwomba Mungu akupe macho ya kumwona mtu hata akiwa mbali na akiwa wa upande usioupenda. Akupe umri mrefu na kifo cha kitandani, wako wakiwa wamekuzunguka. Akuepushe na kuandikiwa historia kama ya Esta, na zaidi ya hilo, akuepushe na kuwa sababu ya mtu yeyote kuandikiwa hivyo. Amina.