Likizo Pekee ya Baba

Sisi tuliokulia Gongoni enzi za redio ya betri na taa ya chemni, likizo kwetu ilikuwa na maana moja tu: shule zikifungwa unapelekwa kwa nyanya huko Ganze kupalilia mahindi, na unarudi na sugu viganjani. Hakuna aliyetuuliza tungependa kwenda wapi. Wanangu leo, hata mabegi hawajashusha, wanaulizia kama mahali hapo pana intaneti. Sisi tulifurahi tukikuta choo kiko karibu.

Kwa hiyo Agosti moja Baba aliposema tungekwenda Malindi siku tatu, kisha tupande mashua tukazunguke mikoko ya Ngomeni, mimi na mdogo wangu Dama tulidhani anatutania. Nilikuwa na miaka kumi, Dama mitano. Baba alikuwa kibarua wa mashamba ya chumvi, mtu wa kukwangua chumvi juani tangu alfajiri, na sikuwahi kumwona akipumzika siku mbili mfululizo ila kwa matanga. Mama hakushangilia. Aliuliza hiyo likizo imetoka wapi ghafla. Baba akasema watoto wanakua na hawajaona kitu. Mama akafunga nguo zetu ndani ya leso.

Malindi tulifikia Shella, kwa Shangazi Halima, dada yake Baba aliyeolewa huko. Nyumba ile naisikia puani hadi leo: udi, nazi iliyokunwa, na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji ili ipoe. Asubuhi mahamri ya moto kwa mbaazi za nazi. Alasiri viazi karai na ukwaju, tunakula tumeketi barazani, miguu imeoshwa. Shangazi alitugawia mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu kama tumepakwa rangi. Sheria zake zilikuwa mbili: usimpite mkubwa bila shikamoo, na usimuulize mkubwa ametoka wapi.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonitesa, kwa sababu Baba hakuwa yule tuliyemzoea. Siku ya kwanza, tukiwa sokoni, hamali alikuja na mkokoteni upande wa kushoto akipiga kelele apishwe. Watu wote waliruka. Baba aliendelea kutembea mpaka mti wa mkokoteni ukamgonga nyongani. Jioni, mkekani, alipiga kikombe cha chai kikamwagika. Akatiliwa kingine, akakimwaga nacho. Shangazi alicheka, akasema kaka yake amesahau kuishi ndani ya nyumba. Mama hakucheka.

Asubuhi ya pili Baba alitoka kabla ya chai, akasema anakwenda kumjulia hali rafiki wa zamani. Alirudi adhuhuri mikono mitupu, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, macho yanamtoka machozi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chenye giza, akajilaza akiwa ameelekea ukutani. Mama alimfuata, akamuuliza huyo rafiki ni nani. Akajibiwa, "Humjui." Asubuhi ya tatu akatoka tena.

Nilikuwa jikoni nikichagua mchele Mama alipomwambia Shangazi, huku akikuna nazi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, "Wifi, ndugu yako ana mwanamke mji huu. Sisi tumeletwa kuwa pazia."

Shangazi akasema Baba si mtu wa namna hiyo. Mama akamjibu kwamba hata baba yake mzazi, yeye Mama, hakuwa mtu wa namna hiyo, na alipokufa, matangani walihesabiwa wajane watatu. Siku nyingine wangecheka wote wawili, ila siku hiyo hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nachukua mawe ya mchele nayarudisha mchelini.

Siku ya nne tukaenda Ngomeni. Ujanani Baba aliwahi kuendesha mashua za abiria huko, na rafiki yake, Mzee Athmani, alimwazima mashua yake ndogo ya mashine. Mzee alitaka kutupeleka mwenyewe. Baba alikataa, tena kwa ukali kidogo, akasema njia zile anazijua kuliko njia ya kwenda chooni kwake. Mzee Athmani akamkumbusha tu kwamba maji yameanza kupwa, asichelewe kurudi, maana mikono ile ya bahari hugeuka tope.

Tuliingia mikokoni. Nikikumbuka uzuri wa mahali pale nasikia raha hadi leo. Mizizi ilisimama majini kama vidole, kaa wekundu wakikimbilia mashimoni. Korongo walisimama kwa mguu mmoja, wametupuuza kabisa. Nilikuwa mbele kabisa ya mashua. Mama aliketi katikati, mgongo amempa Baba. Dama alikuwa pembeni yake akichezesha mkono majini, upande wa kushoto. Baba alikuwa nyuma ameshika mashine, akituonyesha hiki na kile kwa furaha ya kujilazimisha.

Mfereji ulipopungua upana, niliona mbele kushoto safu ya vigingi, mabaki ya mtego wa samaki. Nilidhani Baba atakata kulia. Hakukata. Nikageuka kumtazama. Alikuwa macho mbele, anatabasamu, na ubavu wa kushoto wa mashua unakwenda moja kwa moja vigingini. Kwa sekunde chache sikusema kitu, kwa kuwa mtoto hamfundishi mkubwa kazi yake. Sekunde zile sijajisamehe mpaka leo.

Nilipopiga ukelele, Mama aliuvuta mkono wa Dama ndani. Kigingi kilipiga ubao pale pale mkono ulipokuwa. Ubao ukapasuka, mashine ikanasa kwenye mizizi, ikazima. Maji yakaanza kuingia, Dama akilia.

Mama alimgeukia Baba. Hakumpigia kelele. Alimuuliza kama hakuiona ile miti. Baba akavua kofia.

"Sioni pembeni, kushoto ndiko kubaya zaidi," alisema. "Naona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nimekwenda kupimwa jana na juzi. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi."

Akaeleza, akiwa ametazama magoti yake, kwamba aliogopa msimamizi wa chumvi akijua atamwondoa kazini, na kwamba alitaka kutuona tukiwa juu ya maji angali ana jicho la kuonea. Ndiyo maana ya likizo.

"Kwa hiyo asubuhi zote mbili ulikuwa hospitali," Mama alisema.

"Hospitali."

Mama alimtazama. Mimi nilidhani atalia. "Heri angekuwa mwanamke," alisema. "Huyo ningejua nimfanye nini."

Maji yalikuwa yamefika vifundoni, na kando tope lilikuwa limeanza kuonekana. Mama alitutupia mimi na Dama sufuria ya pilau tuliyobeba kwa chakula cha mchana, pilau lenyewe likaenda kwa kaa, tukaanza kuteka maji. Yeye alikunja leso, akaenda nyuma akaketi ubavuni kwa Baba, upande wa kushoto. Ni mwanamke wa Ganze aliyeogopa hata mto ukijaa. Baba aliinasua mashine mizizini, akaivuta kamba mara tatu ndipo ikawaka.

"Wewe tazama mbele," Mama alimwambia. "Pembeni niachie mimi."

Tulirudi hivyo. Mama akisema upande wake kuna mti, sogea, bado, sogea. Mara mbili tulikwama topeni, Baba akashuka na kuzama mpaka kiunoni, akasukuma, Mama akimwelekeza pa kukanyaga. Mikono yangu ilikufa ganzi kwa kuteka maji. Dama aliacha kulia, akawa anahesabu sufuria, na akifika ishirini anaanza upya kwa kuwa mbele ya hapo alikuwa hajafundishwa. Tulipofika, Mzee Athmani alikuwa amesimama majini akitungoja. Aliutazama ubao uliopasuka, akamtazama Baba. Baba akamweleza yote pale pale, mbele yetu. Naona mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Chumvi aliiacha mwaka uliofuata, kabla hajaachishwa. Mama alianza kupika mahamri akiwauzia wafanyakazi wa chumvi, na Baba ndiye aliyekanda unga, maana viganja vyake havikuhitaji macho. Dawa ya matone ilimtunzia mwanga kidogo kwa miaka mingi, na njiani Mama alitembea kushoto kwake siku zote. Harusi yangu aliiona, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku ili awapate wageni wote, na alijicheka mwenyewe.

Desemba iliyopita niliwapeleka wanangu Malindi, kisha tukapanda boti kule Mida, kwenye mikoko mingine. Kila mtu alivalishwa jaketi la kuokolea, na kijana wa boti alijua jina la kila ndege. Wanangu walipiga picha mia, wakasema ilikuwa sawa tu. Binti yangu akiumwa kichwa hunitumia ujumbe hali yuko chumba cha pili, na mimi humcheka kwamba watoto wa siku hizi hawawezi kumeza hata mate bila kutangaza. Lakini nikiwa peke yangu huwaonea wivu. Baba angekuwa na ulimi ule, Mama asingekuna nazi kwa uchungu namna ile. Enzi zetu tulikuwa na mambo mengi matamu, ila watu wazima waliteseka kimya, na sisi watoto tuliusikia ukimya wao bila kuuelewa.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Mama tulikuwa naye Mida. Tuliposhuka kwenye boti nilimshika mkono ili tutembee naye kwenye daraja la mbao. Akajinasua, akazunguka nyuma yangu, akaja upande wangu wa kushoto. Hatua chache mbele akatambua alichofanya. Akacheka kidogo, akafuta uso kwa ncha ya leso, na hakurudi upande ule mwingine.