Koti la Bwana Usipumue

Mpiga picha za eksirei katika hospitali yetu huitwa Bwana Usipumue, kwa kuwa ndilo neno analowaambia wagonjwa wote, hata aliyevunjika kidole cha mguu. Kifuani mwa koti lake jeupe hubandika beji yenye kipande cha filamu. Mionzi ikiigusa, filamu hubadilika kuwa nyeusi. Kila mwisho wa mwezi maabara hupima weusi huo, ikajulikana mwenye koti amepata mionzi kiasi gani.

Mwezi uliopita ilirudi nyeusi tii, kama sufuria ya kuni.

"Kwa kipimo hiki," msimamizi wa mionzi alimwambia, akisogeza kiti chake nyuma, "hutakiwi kuwa umesimama."

"Basi nikae?"

"Ukae getini, mzee wangu, ugawe namba. Mashine usiiguse tena."

Alipimwa damu, ikaonekana safi. Haikusaidia kitu, filamu ilikuwa imeshasema. Nyumbani, mama mkwe wake alizima taa ya sebuleni, akamkodolea macho gizani.

"Mbona hawaki?"

"Mama, huyu ni mume wangu, si balbu!" mkewe alisema. Hata hivyo, naye alihamishia mto wake upande wa miguuni.

Kule getini kazi ilimshinda. Kwa mazoea alimwambia kila aliyempa namba, "Vuta pumzi. Usipumue." Foleni nzima ilitii, na bibi mmoja nusura azimie. Usipumue alikwenda kwa msimamizi akiwa karibu kulia.

"Nirudishie mashine yangu, bosi. Hebu itazame tena hiyo filamu."

Msimamizi akaiweka mbele ya taa. Ndani ya beji mna vibati vinavyoacha kivuli kwenye filamu. Mtu hugeuka na kupumua, kivuli kikafifia kingo. Hiki kilikuwa kikali kama wembe.

"Aliyepigwa na mionzi hapa hakutikisika hata kidogo," msimamizi alisema.

Usipumue akajishika kichwa. Kwa sababu ya joto, mwezi mzima alikuwa amelitundika koti kwenye msumari kando ya ubao wa kupigia picha za kifua, beji ikiwa palepale.

"Kumbe ni koti! Katika wote niliowaamuru, hilo peke yake ndilo halikupumua."

Alirudishiwa mashine siku hiyohiyo. Lakini kanuni ni kanuni: aliyepata kipimo kile lazima akae getini. Kiti kikavalishwa koti, na watu hulisalimu kabla ya kuchukua namba.