Nakhungu, Muuza Soksi, Njiani Kwenda Bungoma

Nakhungu aliuza soksi za mitumba sokoni Kitale, na mteja asiyetukanwa naye alikuwa na bahati. Ukishika soksi nene ya pamba kwa sababu ni laini, anakuchapa mkono.

"Hiyo ni ya kulalia, Rinah," aliniambia. Jina langu, Linah, lilimshinda kulitamka miaka yote. "Pamba ikinywa jasho haitemi. Itakuchuna mguu kama kiazi."

Anageuza soksi ya sufu nje ndani, anapitisha kidole kwenye mshono wa mbele. Mshono ukimkwaruza, anaitupa. Kisigino kikiteleza, anaitupa pia. Hata iliyompendeza alitaka uifue na kuivaa wiki nzima kabla ya safari.

Kidole chenyewe kilikuwa kimepinda. Mumewe, Mukhisa, alikivunjia mlangoni. Jino moja alimng'oa kwa ngumi, siku ya Krismasi. Mimi, jirani yao wa Kibomet, nilisikia yote kupitia mabati, na nakiri kwa aibu kwamba mara nyingi niliongeza sauti ya redio.

Mwezi wa tano, mahujaji wa kanisa letu walipojipanga kwenda hija Namugongo, Uganda, kwa miguu, Nakhungu alijiandikisha. Mimi pekee nilijua hatafika Uganda. Dadake, Ivy, alikuwa amempatia chumba Bungoma, na katikati ya watu arobaini wenye rozari alidhani Mukhisa hatamgusa. Maana Mukhisa alishamwambia: "Ukitoka hii boma, nitakuua." Hakuwa mtu wa utani.

Siku ya pili, tukikaribia Lugulu, nilikuwa nachechemea. Ndiyo, nilivaa zile za pamba. Sikio la kufa halisikii dawa. Nakhungu alikuwa amepiga magoti akinitoboa malengelenge kwa sindano, matusi yakimtoka, tuliposikia mayowe nyuma.

Alikuwa Mukhisa. Baadaye tulisikia alipigana na mwenye boda boda akaachwa Kamukuywa, akatembea tangu alfajiri, gambuti za mpira miguuni, rungu mkononi.

Katekista wetu, Khaemba, alinyoosha mikono kumzuia. "Mzee, si tuongee kwanza?"

Rungu likamshukia begani. Mfupa ukavunjika, nikausikia. Nilimrushia Mukhisa chupa ya maji, akanipiga teke la mbavu. Watu arobaini wakatawanyika mahindini. Rozari zote hizo!

"Kimbia!" nilimpigia Nakhungu kelele.

Hakukimbia. Alikuwa akitazama miguu ya mumewe, ngozi tupu juu ya gambuti.

"Kwani hukuvaa soksi?" aliuliza.

"Leo nakuua, wewe mwanamke!"

Akageuka, akaanza kupanda kilima, hatua kumi mbele yake. Mukhisa akiongeza mwendo, naye anaongeza. Mukhisa akipunguza, naye anapunguza, anamtukania ukoo mzima ili hasira isipoe. Nilijikokota nyuma yao. Mpira wa zile gambuti ulikuwa ukimsaga Mukhisa nyama. Niliona jinsi alivyoogopa kuweka kisigino chini, mguu huu, kisha ule. Hakufika juu. Aliketi katikati ya barabara, rungu likabiringika mtaroni.

Nakhungu akarudi. Aliliokota rungu, akampiga nalo mkono wa kulia, ule wa ngumi. Mara moja tu, ikatosha. Mukhisa alilia kama mtoto. Kisha Nakhungu akamvua gambuti, moja baada ya nyingine, na ngozi ikatoka nazo.

Khaemba alifika akihema, ameshika bega. "Dada, msamehe. Sisi ni mahujaji. Hata Bwana aliosha watu miguu."

"Basi muoshe wewe," alisema Nakhungu.

Trekta la miwa lilikuwa likipita. Akarusha gambuti zote mbili juu ya miwa, zikaenda. Akatupa rungu mahindini, akafunga vizuri kamba za viatu vyake, akashika njia ya Bungoma bila kugeuka.

Mukhisa alimwita kwa jina. Alijaribu kuinuka amfuate. Nyayo zikagusa lami ya saa sita, akapiga yowe, akaketi tena. Nilimpita nikichechemea, mbavu zikiniuma, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.